Kompyuta ya sinema sebuleni kwa pesa kidogo: namna ya kuchagua vifaa bila kupigwa

"Bosi, hii ni i7. Inakula kila kitu."

Niliinama nikasoma kibandiko kwenye kasha: i7-4770. Pembeni yake, chini ya rundo la waya, kulikuwa na kiboksi cheusi chenye unene wa kamusi, ndani yake i3-8100T. Bei zilikaribiana. Kijana wa duka aliniangalia kwa huruma nilipochukua kile kidogo, maana kwa hesabu yake nilikuwa nimeacha ng'ombe nikabeba mbuzi.

Kwa kazi ya kuangalia filamu sebuleni, mbuzi ndiye aliyekuwa na maziwa. Nitaeleza kwa nini, kisha twende kifaa kwa kifaa hadi mashine iwake kwenye TV. Mahesabu yangu ni ya kompyuta za mtumba, zile zinazotoka maofisini Ulaya, Marekani na Dubai na kujaa madukani Kariakoo au Luthuli Avenue Nairobi. Kwa bajeti ndogo, ni nadra kifaa kipya kufikia thamani yake.

Kwanza, jiulize kama unaihitaji kweli

Kama nyumbani mnaangalia YouTube na Netflix tu, na bando halina shida, nunua kiboksi cha Android TV chenye kibali cha Netflix uishie hapo. Utaokoa pesa na maneno. Kompyuta inalipa pale unapokuwa na maktaba yako: filamu ulizonunua, video za harusi na ubatizo zilizokuwa kwenye DVD, katuni za watoto ulizohifadhi ili bando lisiishe tarehe kumi, masomo, picha za familia. Inalipa pia kama unataka kifaa utakachoweza kukirekebisha mwenyewe miaka mitano ijayo.

Kisha pima umbali wa kochi hadi kwenye TV. Wengi hawapimi, na hapo ndipo pesa nyingi inapopotea. Kwa jicho zima, kwenye TV ya inchi 43 ukikaa zaidi ya mita 1.7 huwezi tena kutenganisha nukta za picha ya 1080p, ile iitwayo Full HD. Kwa inchi 55 umbali huo ni kama mita 2.2. Kama kochi lako liko mita tatu, 4K, yenye nukta mara nne ya hizo, haitakuongezea kitu cha maana, na 1080p safi itakupendeza vilevile. Usilazimike kununua kila kitu cha 4K kwa sababu tu TV imeandikwa 4K.

Kizazi cha prosesa: hapa ndipo ununuzi wote unapoamuliwa

Video haikai kwenye diski ikiwa wazi. Inabanwa kwa utaratibu unaoitwa kodeki, na kompyuta huifungua picha kwa picha wakati unaangalia. Ndani ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kuna kona ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Kama kona hiyo inaifahamu kodeki ya filamu yako, mashine inafanya kazi kama imelala. Kama haiifahamu, mzigo wote unaangukia prosesa yenyewe: feni inapiga kelele, joto linapanda, na picha inaanza kukatakata hasa kwenye matukio ya mbio na mapigano.

Kodeki utakazokutana nazo ni nne. H.264 ndiyo ya zamani, kila mashine inaifahamu. HEVC, au H.265, ndiyo iliyojaa kwenye filamu za sasa kwa sababu faili lake ni dogo, na mara nyingi huja kwa rangi za biti 10. VP9 ni ya YouTube. AV1 ni mpya zaidi, nayo YouTube inaitumia sana. Na YouTube haitoi H.264 juu ya 1080p, kwa hiyo ukitaka 4K pale, ni VP9 au AV1.

Sasa angalia Intel. Namba ya kwanza baada ya kistari, au mbili za kwanza kama zote ni tano, ndiyo kizazi: i5-6500T ni cha sita, i5-8500T ni cha nane, i5-10500T ni cha kumi. Herufi T mwishoni maana yake ni toleo la wati 35, lile la kompyuta ndogo.

Kizazi cha nne, cha mwaka 2013, kinaishia H.264. Ile i7 ya dukani ilikuwa hapo. Ina nguvu ya kukokota HEVC kwa mabavu, lakini ni chipu ya wati 84, na utaisikia kutoka jikoni. Kizazi cha sita kinafungua HEVC ya biti 8, kikikutana na biti 10 kinahema. Kizazi cha saba ndicho cha kwanza kumaliza HEVC ya biti 10 na VP9 bila kutoka jasho. Cha nane kina uwezo uleule, ila kimeingia kwenye orodha ya Windows 11, na hilo si dogo kwa sababu Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. AV1 inaanza kizazi cha 11.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Kama utatumia Linux au LibreELEC, mfumo mdogo wa filamu nitakaoueleza mwishoni, tafuta kizazi cha saba, ndipo penye bei tamu kuliko zote. Kama unataka Windows, anzia cha nane. Usijali kama ni i3 au i5, kwa filamu hutaona tofauti. Ukipata kiboksi kipya chenye Intel N100, chipu ya mwaka 2023 inayotumia wati 6 na kufungua AV1, kwa bei isiyotisha, chukua, ila hakikisha umeiona ikiwaka na kusoma jina la chipu kwa macho yako.

Upande wa AMD, Ryzen zenye herufi G mwishoni, kama 2400G au 3400G, ni nzuri kwa HEVC na VP9. Hazipatikani kirahisi kwenye viboksi vidogo vya mtumba, ndiyo maana siendi mbali nazo.

Kuna mtego mmoja unaokamata hata mafundi. Kasha halisemi kizazi. OptiPlex 3050 Micro ya Dell, EliteDesk 800 G3 Mini ya HP na ThinkCentre M710q ya Lenovo zote zilitoka kiwandani zikiwa ama na kizazi cha sita ama cha saba. Viboksi viwili vinaweza kukaa rafu moja, vinafanana kama mapacha, bei moja, na kimoja kikashindwa filamu ambayo mwenzake anaicheza huku amelala. Za kizazi cha nane ni OptiPlex 3060, 5060 na 7060, EliteDesk 800 G4, na M720q. Soma namba ya prosesa kwenye mashine iliyowashwa. Vibandiko huhamishwa.

Dukani: dakika ishirini za kujaribu

Nenda na flashi yenye vitu viwili: programu ya kuchezea video ya VLC, ile isiyohitaji kusakinishwa, na kipande cha filamu ya HEVC ya biti 10. Omba mashine iwashwe kwenye kioo cha dukani. Muuzaji akikuambia "iko sawa kaka, niamini", mwambie unamwamini, ila iwashwe.

Anza kabla Windows haijaingia. Bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa Lenovo, uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine. Ikikuomba nywila usiyoijua, irudishe mezani, kwa sababu hiyo ni mashine ya ofisi ambayo haikufunguliwa kabla ya kuuzwa, na kufungua kunaweza kukugharimu usumbufu kuliko bei uliyopunguziwa.

Ikishaingia Windows, fungua "Task Manager", upande wa "Performance", kisha "GPU". Cheza kile kipande cha filamu. Mchoro unaoitwa "Video Decode" ukipanda huku prosesa ikibaki chini ya asilimia 15 au 20, kona ile inafanya kazi yake. Mchoro ukikaa sifuri na prosesa ikapanda hadi 80, umeshapata jibu bila kubishana na mtu.

Kama duka lina intaneti, fungua video ya 4K YouTube, bonyeza kulia juu yake, chagua "Stats for nerds". Utaona mstari wa kodeki: avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1. Juu yake kuna idadi ya picha zilizodondoshwa. Zikiongezeka mfululizo, mashine imezidiwa. Lakini usiikatae mashine ya kizazi cha nane kwa sababu ya av01 peke yake. Kuna kiongezi cha kivinjari kinachoitwa enhanced-h264ify kinachoizuia AV1, na YouTube inarudi kwenye VP9 yenyewe. Kiongezi hichohicho ndicho kinachowafufua wenye mashine za kizazi cha nne: wakizuia VP9 na AV1 wanabaki na H.264 ya 1080p, laini kabisa.

Mwisho, gusa juu ya kasha baada ya dakika kumi. Vuguvugu ni sawa. Likiwa la kuunguza, ndani kuna vumbi la miaka na pesti ya prosesa iliyokauka. Hilo halikatazi kununua, linakupa sababu ya kupunguziwa bei. Fundi atasafisha na kupaka pesti mpya kwa muda mfupi, na mashine itanyamaza.

Adapta ya umeme, iliyowahi kunitia adabu

Mashine yangu ya kwanza ya sebuleni niliuziwa na adapta isiyo yake. Plagi iliingia, taa ikawaka, nikaenda zangu. Nyumbani filamu ikawa inakwama kila baada ya sekunde kadhaa, nikabadilisha ramu, nikabadilisha diski, nikasakinisha Windows mara mbili. Wiki ya tatu ndipo nilipokaa kusoma ule ujumbe mweusi uliokuwa unapita wakati wa kuwaka: adapta haitambuliki. Mashine nyingi za ofisi, Dell zikiwa mfano mzuri, huiuliza adapta ni ya wati ngapi, na zisipopata jibu zinapunguza kasi ya prosesa ili zisiungue. Adapta halisi ilimaliza ugonjwa wote siku hiyohiyo. Ichukue pamoja na mashine, isome wati zake, na ujumbe wowote unaotokea wakati wa kuwaka usiupite.

Tundu la nyuma na waya wa kwenda kwenye TV

Viboksi vya kizazi cha saba na cha nane mara nyingi vina tundu la HDMI toleo la 1.4 na jingine la DisplayPort. HDMI 1.4 inapeleka 4K mara 30 tu kwa sekunde. Kwa filamu haidhuru, sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. Utakachokiona ni mshale wa mausi kutembea kama umelewa, na mpira kukosa ulaini. Dawa ni kutumia DisplayPort pamoja na adapta ya kwenda HDMI iliyoandikwa wazi 4K 60Hz. Zile za bei rahisi sana zinaishia 30, na umerudi ulikotoka. TV yako ikiwa ya 1080p, sahau aya hii yote na uchomeke HDMI moja kwa moja.

Kwenye TV nyingi tundu lenyewe la HDMI linahitaji kuruhusiwa kwenye menyu ndipo lipokee 4K ya 60. Na kama kingo za picha zimekatwa, saa ya Windows haionekani pale chini, shida haiko kwenye kompyuta. Tafuta kwenye TV mpangilio wa ukubwa wa picha, uweke ule wa kuonyesha picha nzima kama ilivyo.

Ramu na diski

Ramu GB 8 zinatosha. Ukiweza, ziwe vijiti viwili vya GB 4 badala ya kimoja cha 8, maana upande wa picha ndani ya prosesa unakopa ramu hiyohiyo, na njia mbili zinapita haraka kuliko moja. GB 16 kwa kuangalia filamu ni kupamba kaburi.

Diski zigawe kazi. SSD ndogo ya GB 128 au 256 ibebe mfumo, na hii usiiruke, ndiyo inayofanya mashine iwake kabla chai haijapoa. Filamu ziweke kwenye hadidiski ya kawaida. Wauzaji watakusukumia SSD ya NVMe, ile ya kasi kubwa, lakini fanya hesabu: hata diski ya filamu ya 4K ile ya Blu-ray haizidi megabiti 144 kwa sekunde, yaani megabaiti 18. Hadidiski ya kompyuta mpakato inasoma karibu megabaiti 100. Kasi ya ziada unailipia bure.

Nafasi pia ina hesabu rahisi. Filamu ya saa mbili ya 1080p kwa megabiti 5 kwa sekunde inachukua GB 4.5. Terabaiti moja inabeba kama mia mbili hivi. Nunua moja au mbili, uongeze baadaye.

Hadidiski ya mtumba ipime kwa programu ya CrystalDiskInfo. Mistari ya "Reallocated Sectors Count" na "Current Pending Sector Count" iwe sifuri kwenye safu ya "Raw Values". Ikiwa na namba yoyote, usibebe hata ukipewa kwa nusu bei. Na flashi za terabaiti mbili zinazouzwa kwa bei ya soda, hizo zinadanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Programu ya H2testw huandika hadi mwisho kisha husoma tena, na uongo unafichuka.

Mgawanyo wa pesa

Mimi nikiwa na shilingi laki sita za Tanzania, ningeweka takribani laki tatu na nusu kwenye kiboksi chenyewe na adapta yake, laki moja kwenye diski, kama elfu themanini kwenye ulinzi wa umeme, na inayobaki kwenye rimoti, waya na sauti. Bei zinapanda na kushuka kila meli inapoingia, kwa hiyo shika uwiano, namba ziache. Kosa la kawaida ni kumwaga yote kwenye mashine, kisha filamu inasikilizwa kwa spika za TV zinazolia kama redio ndani ya ndoo.

Umeme

Kiboksi kinachokula wati 20 kwa saa tano kila siku kinamaliza uniti 3 za LUKU kwa mwezi. Kasha kubwa la wati 60 linamaliza 9. Kidogo kidogo, lakini ni kila mwezi.

Kinachoua vifaa si umeme kukatika, ni unavyorudi. Kwenye BIOS kuna mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi; uweke mashine ibaki imezimika, usiiruhusu ijiwashe yenyewe katikati ya msukosuko. UPS, kile kiboksi chenye betri, ya VA 650 inatosha kukupa dakika za kuzima kwa ustaarabu. Chomeka humo kompyuta na hadidiski ya nje. Sabufa iache nje ya UPS.

Sauti

Karibu kila nyumba ina sabufa, basi anza na hiyo. Waya wa tundu la hedifoni kwenda zile plagi mbili, nyekundu na nyeupe, unauzwa kila mahali. Weka sauti ya kompyuta juu kabisa, upunguze na kuongeza kwenye sabufa, vinginevyo utakuwa unakuza mchemko wa waya. Ukisikia mvumo mzito usiokwisha hata filamu ikisimama, chomeka kompyuta, TV na sabufa kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi mvumo unatoka kwenye tofauti ya waya wa ardhi kati ya soketi mbili za ukutani.

Maneno yakiwa madogo na milipuko ikiwa mikubwa, faili lina sauti ya spika sita na wewe una mbili. Kwenye Kodi, programu ya kuchezea filamu nitakayoigusia hapa chini, sema una spika mbili, kisha kwenye mipangilio ya sauti ya filamu upandishe ile ya katikati, ndiko maneno yanakokaa.

Programu na rimoti

Kama utaangalia maktaba yako tu, weka LibreELEC. Ni mfumo mdogo unaowaka moja kwa moja ndani ya Kodi, hakuna Windows wala masasisho ya usiku wa manane. Kumbuka inafuta diski yote inapoingia, kwa hiyo hadidiski ya filamu ichomoe kwanza. Ukitaka Netflix ya ubora wa juu, baki Windows. Kwenye Linux usitegemee 4K yake. Kodi yenyewe haina filamu hata moja ndani. Anayekuuzia iliyojaa "chaneli zote za dunia bure" anakuuzia wizi utakaozimika katikati ya fainali, mara nyingine pamoja na virusi.

Mara tu ukiisakinisha, washa kwenye Kodi mpangilio wa kulinganisha kasi ya TV na ya filamu, uchague ufanye hivyo filamu inapoanza na inaposimama. Kamera inapopita taratibu juu ya mji, utaona mtikisiko ule mdogo umetoweka.

Rimoti ya TV haitaiongoza kompyuta, kwa sababu kompyuta nyingi hazina njia ile ya HDMI inayopitisha amri. Nunua rimoti hewa, ile inayoitwa "air mouse", yenye kidude chake cha USB, au tumia simu kwa programu ya Kore. Ikiwa rimoti inasikia mara moja kati ya tatu, angalia kama kidude kimechomekwa jirani na hadidiski ya USB 3. Waya za USB 3 hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4GHz, yaleyale ya rimoti. Kihamishie mbele ya kasha, au kwenye waya mfupi wa kurefusha.

Kwangu nimebandika kikaratasi mgongoni mwa rimoti, kwa ajili ya mama: kitufe cha nyumba ni kurudi, cha duara ni kukubali, chekundu usikiguse. Chekundu kinazima mashine, na kuiwasha tena lazima mtu aamke kwenye kochi.